Kupata mtoto baada ya kuumia uti wa mgongo

Binti wa Muheza: Shikamooni wakubwa. Mume wangu alianguka kutoka juu ya mnazi miaka 3 iliyopita, akavunjika uti wa mgongo kwenye pingili ya 8 ya kifua, na sasa anatumia kiti cha magurudumu. Uume wake husimama, lakini shahawa hazitoki kabisa. Hospitalini tuliambiwa kwamba njia pekee ni kupasua korodani na kutungisha mimba maabara, gharama ambayo hata tukiuza shamba hatutaifikia. Je, hakuna njia nyingine?

Tabibu Mstaafu: Marahaba, mwanangu. Nasikitika kwamba hamkuelezwa yote. Korodani kwa kawaida huendelea kutengeneza mbegu. Kilichoharibika ni mawasiliano ya mishipa ya fahamu yanayosukuma shahawa nje. Kwa aliyeumia pingili ya 10 ya kifua au juu yake, fahamu zilizo chini ya jeraha aghalabu huwa hai, na ndiyo sababu kifaa cha mtetemo kinachogusishwa kwenye kichwa cha uume, kikitetemeka mara 100 kwa sekunde kwa upana wa milimita 2.5, huwafaa takriban wanaume 8 kati ya 10 wa namna hiyo. Kikishindwa, kipo kifaa cha umeme kinachopitishwa njia ya haja kubwa, nacho hufanikiwa kwa karibu wote. Kisu kije mwisho, kwa kuwa mbegu zinazotolewa kwa upasuaji huwa chache na hulazimu kwenda maabara, ilhali za mtetemo, zikiwa na nguvu ya kutosha, huweza kuingizwa ukeni siku za rutuba.

Baba wa Wawili: Mimi niliumia shingo, na watoto wangu wote wawili walipatikana kwa mtetemo. Naomba msianzie nyumbani. Aliyeumia pingili ya 6 ya kifua au juu zaidi huweza kupandwa na presha ghafla, kichwa kikagonga na uso ukatoka jasho, hali inayoweza kuua. Mimi nilipewa nifedipini, dawa ya kushusha presha, kwanza, huku nesi akipima presha muda wote. Mumeo yuko chini kidogo ya hapo, lakini mara ya kwanza iwe mbele ya daktari.

Binti wa Muheza: Asanteni sana. Anatumia mpira wa mkojo na huugua UTI mara kwa mara. Je, itatuzuia?

Tabibu Mstaafu: Itibuni kwanza, kwani maambukizi hudhoofisha mbegu. Kwa waliopooza, mbegu mara nyingi huwa nyingi ila haziogelei vizuri, na shahawa huweza kuwa na rangi ya kahawia. Rangi hiyo isiwatishe. Mwombeni daktari wa njia ya mkojo azipime ndipo mchague njia.