MREJESHO: Lile grupu letu la mtaa, Moshi

Wakuu, habari za siku. Niliomba ushauri kuhusu grupu la WhatsApp la mtaa wetu huku Majengo, lililogeuka uwanja wa matusi na uzushi. Wengi mlisema tulifunge, waandike maadmini peke yao. Hatukufunga, na nashukuru, maana taarifa za maji na misiba zinatoka kwa wananchi wenyewe.

Tulimwomba mama mmoja mwalimu mstaafu awe admini. Kanuni ni chache, ila kubwa ni hii: picha ya mtu hairushwi pamoja na tuhuma.

Juzi kati mtu akatupia picha ya kijana wa bodaboda: "Mwizi huyu, sambazeni." Mama akaifuta kwa wote (admini anaweza hivyo tangu 2022), halafu akamfuata mhusika inboksi badala ya kumuumbua mbele za watu: "Mwanangu, kama una uhakika nenda polisi. Hapa hatuhukumu mtu." Pia akamkumbusha kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa uzushi. Jioni ikajulikana kijana alitumwa na mwenye pikipiki mwenyewe akaichukue. Nilitetemeka. Huku kelele ya "mwizi" inaua mtu.

Aliyetuma akaomba radhi mwenyewe, bila kulazimishwa.

Siasa bado zinatusumbua, hasa usiku. Mwenye uzoefu wa hilo anisaidie. Asanteni sana.