Mtwara mjini: picha ya lipiko (kinyago cha kuvaa usoni cha ngoma ya Kimakonde) imefutwa ukutani eti ni uchafu, siku tatu baadaye ukuta huohuo kapewa kampuni ya simu

Wakuu, habari za jioni. Mods, naomba msiuunganishe huu uzi na zile nyuzi za usafi wa mji, maana siongelei takataka. Nina hasira na nitaandika hivihivi nikiwa nazo.

Mnaoijua Magomeni ya hapa Mtwara mtakuwa mmeshapita kwenye huo uzio, ule mrefu wa njia ya sokoni. Miaka yote ulikuwa choo cha wapita njia. Uliandikwa "Marufuku kukojoa hapa, faini 50,000" na watu walikuwa wanayakojolea maandishi yenyewe. Mwaka huu vijana wa mtaa, wale wachora mabango waliokaukiwa kazi tangu mabango ya kuprinti yaingie mjini, wakaomba kwa wenye uzio na kwa uongozi wa mtaa, wakaruhusiwa. Tukachanga. Huyu ndoo ya rangi, yule buku tano, mama ntilie wa pale kona akasema wachoraji mchana watakula kwake.

Na kazi waliyoifanya siyo ya kitoto. Plasta ile imeliwa na munyu, si mnajua sisi wa pwani, unapaka rangi ya maji leo, mwezi ujao inabanduka vipande vipande. Walikwangua kwa brashi ya waya, wakaziba nyufa, wakapiga andakoti, wakaiacha ikauke ndipo wakaanza kuchora. Upande mmoja wanawake wanacheza sindimba, vitenge kiunoni, mpiga ngoma katoa jasho mpaka unaliona. Upande wa pili lipiko, kubwa kuliko geti, na ndonya yake, lile pambo la kutoboa mdomo, kwenye mdomo wa juu, na nembo, yaani zile chale za Kimakonde, mashavuni.

Kuna mzee mmoja wa ngoma alikuwa anapita kila jioni, anasimama mikono nyuma, hasemi kitu. Siku moja akamwita aliyekuwa juu ya ngazi: "Mjukuu wangu, hizo nembo za shavuni umezichora kama tairi la baiskeli. Nembo inakwenda hivi." Akachora mchangani kwa fimbo, pembe ndani ya pembe. Dogo akashuka, akaangalia, akasema "nimekuelewa babu", akafuta shavu zima akaanza upya. Niambieni ni bango gani la kampuni limewahi kusahihishwa na mzee wa mtaa.

Harufu ikaisha. Hakuna aliyeweka mlinzi wala kukusanya hiyo faini. Watu waliona haya tu.

Sasa Jumamosi moja asubuhi ikaja pikapu, vibarua wanne, chokaa na rola. Kuna mgeni mkubwa anakuja, mji uwe safi. Kufika saa nne lipiko halipo, limebaki jicho moja linachungulia chini ya chokaa nyepesi, nalo wakalirudia. Tukaenda ofisi inayohusika (siitaji, wanajijua). Bwana mmoja, macho kwenye simu, akatuuliza: "Hayo mapepo mmeyachora kwa kibali gani?"

Mapepo! Mtu anakula mshahara Mtwara, juu ya kabati lake kuna kinyago cha ujamaa, watu wamebebana toka chini mpaka juu, halafu lipiko analiita pepo.

Hata hapo tungenyamaza, kunyamaza tumezoea. Jumanne ikaja gari nyingine. Juu ya chokaa ileile wakashusha rangi ya kampuni ya simu, namba za kubonyeza upate bando, na dada mmoja kacheka meno yote nje. Kumbe chokaa ya usafi ilikuwa andakoti ya tangazo! Hao kibali chao kilitoka lini, Jumapili? Na ushuru wa tangazo kaupokea nani? Wenye uzio wanasema hawajaona hata shilingi. Juzi nimepita, watu wanaikojolea bando kama kawaida.

Na msije mkasema mji hautaki kuta zenye rangi. Anzieni stendi, hesabuni maduka yaliyopakwa rangi za makampuni kuanzia msingi mpaka kwenye bati. Mwenye duka malipo yake ni kupakiwa rangi ya bure, kampuni imejipatia bango la miaka. Hilo halijawahi kuitwa uchafu. X nyekundu ya kubomolewa nayo siyo uchafu. "Nyumba hii haiuzwi" pia siyo uchafu, hiyo kwa kweli naielewa, matapeli wa viwanja ni wengi.

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru, hukuhuku kusini. Alianza kuchora Dar mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Kafariki 1972, na leo jina lake ndiyo jina la mtindo mzima, watalii wanafungasha picha hizo kila siku. George Lilanga, Mmakonde wetu, alianza na uchongaji, akahamia kwenye rangi, akachora yale mashetani yake yenye masikio makubwa mpaka dunia ikamjua. Kafariki 2005. Mashetani, wakuu, na kazi zake ziko kwenye makumbusho ya nje! Vinyago vya Kimakonde vikiwa Mwenge kule Dar, wageni wanapelekwa na basi. Sanaa ya kusini ikishavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji kwenda Dar ni urithi wa taifa, ikibaki Magomeni ni mapepo.

Kuna waliosema lipiko ni la jando, halifai kuwekwa njiani. Hoja hiyo naiheshimu na wazee wana haki ya kuisema. Ila mzee aliyekuja na fimbo ni wa ngoma hiyohiyo, na walioshika rola hawakuja na hoja hiyo, walikuja na chokaa.

Wanaopenda kutaja sheria, haya tutaje. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mchoraji kama inavyomlinda mwanamuziki, na inampa haki ya kupinga kazi yake isiharibiwe kwa namna ya kumvunjia heshima. Wale vijana hawakuitwa, hawakuandikiwa, hawakuambiwa hata "njooni mpige picha za mwisho".

Tunataka majina ya waliotoa kibali cha tangazo na kiasi kilicholipwa, vibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa mtaa kila mtu asome. Halafu ukuta urudi kwa vijana. Barua tumeshapeleka, imegongwa muhuri wa kupokelewa, nakala ninayo.

Nusu ndoo ya rangi nyeusi na makopo mawili ya njano yapo kwangu uani. Mwenye ukuta binafsi Magomeni, Chikongola au hata Mikindani, unaotazama barabara, na hati zake ziko sawa, aje inboksi, vijana wako tayari wiki hii kabla mvua hazijaanza. Na wewe unayejiandaa kuandika "kwani picha inaliwa", pita hivi.