Naombeni ushauri: kwanini Antony anamsifia Brutus kwenye msiba wa Caesar?

Mkazi wa Ipagala: Mbukwenyi wakuu, nisaidieni kabla ya jumamosi. Kuna ile tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri ikaitwa Juliasi Kaizari. Kuna pahala Antony, rafiki yake Caesar, anahutubia, Caesar keshachomwa visu mwili uko pale mbele ya watu, na jamaa kila baada ya maneno mawili matatu anasema Brutus ni mtu wa heshima. Brutus si ndo kaua? Anamwogopa ama anamsifia kweli? Maana mwisho watu wanatoka hapo kwenda kuchoma nyumba. Msiniambie nikasome, nimesoma mara tano.

Kisu Butu: Asaimenti hiyo. Ada umelipiwa, fanya mwenyewe dogo.

Mwalimu wa Chaki: Muacheni aulize. Brutus alimruhusu Antony aongee kwa masharti, asiwalaumu wao na aseme baada ya Brutus. Cassius, muuaji mwenzie, hakutaka kabisa, hakusikilizwa. Halafu Brutus kaongea vizuri, kaondoka zake, kamwachia mwenzie umati na maiti. Sasa Antony kabanwa, hawezi kuwaita wauaji, anachukua neno lao wenyewe. Brutus anasema Caesar alikuwa na uchu wa madaraka, na Brutus ni mtu wa heshima. Haya, kwenye sikukuu ya Luperkali Caesar kapewa taji mara tatu kakataa mara tatu, huo ndo uchu? Na Brutus ni mtu wa heshima. Mara ya kwanza ni adabu, ya pili unamtazama jirani yako, ya tatu ni tusi. Darasa langu lilikuwa linacheka palepale pa tatu kila mwaka. Ila jumamosi kuna mtihani gani?

Mama Zabibu: Umenikumbusha msiba mmoja Hombolo, MC akasoma rambirambi jina kwa jina na kiasi, shemeji yangu wa Dar akatajwa elfu tano, akasema nashukuru kwa kunitangaza akakaa. Mpaka leo haji.

Mkazi wa Ipagala: Sio mtihani. Ni arobaini ya baba, nimepewa dakika kumi za neno la familia. Bamdogo aliuza shamba la zabibu la baba kule Mpunguzi, ekari mbili, mwezi wa kumi na moja zabibu zimeiva zinaning'inia, baba yuko kitandani hajiwezi. Nataka nimuite mzee wa heshima mpaka watu waelewe wenyewe. Ratiba zishachapwa jina langu limo, kwa hiyo msinishauri niache.

Mtumishi: Kijana, Yakobo anasema ulimi ni moto. Kaeni kikao cha ukoo, msiba sio jukwaa.

Dereva wa Bahi: Antony alikuwa na wosia wa Caesar mkononi, kila raia anaachiwa drakma 75, hela ya zamani hiyo, na aliuficha mpaka wakamlilia ausome. We una karatasi gani? Na mauzo nani alishuhudia?

Mkazi wa Ipagala: Wosia hakuna. Kuna karatasi ya mauzo tu.

Dereva wa Bahi: Nimeuliza shahidi.

Mkazi wa Ipagala: Mimi. Nilisaini. Nilipewa laki nne nikamalizia deni la bodaboda, ila niliambiwa wanauza robo na hela ni ya dawa za baba. Sioni hilo linaingiaje kwenye hotuba.

Kisu Butu: 😂😂😂 Kumbe wewe ndo Brutus! Unataka kumsomea nani sasa?

Mwalimu wa Chaki: Ungeendelea kusoma baada ya hotuba. Umati ukiwa umepandwa na hasira unamkuta Cinna mshairi, kosa lake jina limefanana na la mmoja wa waliomuua Caesar, wanamrarua hivyohivyo. We na bamdogo jina la ukoo si moja? Na mbele kidogo Antony huyohuyo anatafuta namna ya kupunguza ule wosia aliowaliza nao watu, na anakubali mtoto wa dada yake auawe. Mpwa wake!

Mzee wa Makutupora: Mnapoteza bando bure, hii stori ya kutunga. Zabibu gani zinaiva novemba? Huku tunavuna mwezi wa pili wa tatu hivi, na tena wa nane wa tisa. Huyu yuko Sinza anaandika filamu.

Mama Zabibu: Eeh! Mi nilishangaa tangu pale mwenye bodaboda amesoma Shakespeare mara tano.

Mkazi wa Ipagala: Mwenye bodaboda hasomi? Sijatunga. Mi nimekulia mjini, shamba nimefika mara mbili, niliambiwa zimeiva.

Mzee wa Makutupora: Hujui linavunwa lini, unalilia nini?

Dereva wa Bahi: Mzee hapo umemuua. Ila miche unayo? Nina nusu ekari.

Mkazi wa Ipagala: Sawa jamani. Nimetoa habari ya shamba, nimetoa karatasi. Nimebakiza "bamdogo ni mtu wa heshima" mara moja tu, mwishoni.

Mwalimu wa Chaki: Mara moja hiyo ni sifa. Atasimama akupe mkono.

Mkazi wa Ipagala: Basi tatu.