Virusi vimetulia, CD4 ziko juu: ARV za nini?

Mtoa hoja, Kariobangi: Wadau, shemeji yangu ni fundi wa magari hapa mtaani. Anajua ana virusi vya UKIMWI miaka mingi sasa na hajawahi kumeza ARV. CD4 zake, yaani seli za kinga, hazijashuka chini ya 700, na kipimo cha wingi wa virusi hurudi kidogo mno. Kliniki wamemshikilia: anza dawa leo. Yeye anauliza, mwili ukijilinda wenyewe, kidonge cha kila usiku ni cha nini? Naona ana haki ya kusubiri. Haya, nipingeni.

Nesi Mstaafu: Pole na shemeji, lakini hapana. Kungoja CD4 zishuke tulikufanya sana enzi zetu. Mwaka 2015 utafiti wa START ukatoa majibu: kati ya watu 4,685 wenye CD4 zaidi ya 500, walioanza dawa mara moja walipungukiwa na hatari ya ugonjwa mzito au kifo kwa asilimia 57 kuliko waliongojeshwa. Mwaka uliofuata Kenya ikaamua kila mwenye virusi aanzishwe, CD4 ziwe ngapi.

Mtoa hoja: Mama, nakuheshimu, ila wengi wa START walikuwa na virusi maelfu damuni. Shemeji si wao.

Kijana wa Maabara: Hapo umenena. Swali ni je, anayemlinda ni mwili wake, au ni udhaifu wa virusi vyenyewe? Virusi hivi vina jeni iitwayo nef. Protini yake huondoa kwenye ngozi ya seli iliyoambukizwa alama ambazo kinga huzitumia kuitambua, basi seli inazidi kuzalisha virusi bila kuguswa. Huko Sydney, kati ya 1981 na 1984, watu kadhaa waliambukizwa kwa damu ya mchangiaji mmoja. Walikaa miaka bila dawa na bila kuugua. Mwaka 1995 ikatangazwa kuwa virusi vyao vimepungukiwa kipande cha nef. Lakini baadaye CD4 za baadhi yao zilishuka, wakahitaji dawa. Virusi vilikuwa vilema, ila havikuacha kazi.

Wengine hulindwa na jeni zao wenyewe, kama HLA-B*57. Na msinitajie wale akina mama wa Pumwani, Nairobi, waliokuwa wakiuza ngono, tafadhali! Wale walisifika kwa kutoambukizwa kabisa, hiyo ni hadithi nyingine.

Nesi Mstaafu: Tena kipimo cha kawaida cha kliniki hakisomi nef ya mtu. Nani atamwambia yuko kundi gani?

Mtoa hoja: Sawa, mmenisogeza. Lakini mbona haya hakuelezwa? Aliambiwa tu "ndiyo sera", mwingine akaitwa. Mtu mzima aanze dawa ya maisha kwa jibu hilo?

Nesi Mstaafu: Hilo nakuunga mkono mia kwa mia. Aombe kuonana na mshauri, siyo pale dirishani, na amwage maswali yote. Mkewe aende naye. Virusi vikipanda kati ya kipimo na kipimo, huyo mkewe ndiye yuko hatarini kuambukizwa.