Kikundi cha familia: Tumpeleke Bibi Ironbridge

Salma: Assalaam alaikum jamani. Bibi akishafika huku Uingereza na kupumzika, wikiendi ile ya pili tumpeleke Ironbridge, ule mji mdogo wenye daraja la kale?

Baba Salma: Waalaikum salaam. Yaani mama atoke Tanga aje kuangalia daraja?

Ami Kassim: Kaka, lile ndilo daraja la kwanza kubwa la chuma duniani, la 1779! Sisi maseremala tukifika pale tunakodoa macho. Vyuma vimeungwa ulimi kwenye tundu, kabari zimegongwa, kama fremu ya mlango. Hakuna aliyewahi kuunga chuma kikubwa hivyo, wakafuata ufundi wa mbao.

Baba Salma: Haya. Kulala? Mji wa Telford uko karibu, hoteli ni rahisi, na treni ya kutoka stesheni ya New Street, Birmingham, inafika.

Mama Salma: Telford maduka na maegesho tu. Kama ni hivyo tubaki Birmingham 😂 Tulale Ironbridge penyewe. Watalii wakiondoka jioni daraja linabaki letu, na magari hayapiti tangu 1934.

Salma: Ila mama, kule ni bonde. Nyumba za wageni nyingi ziko juu mlimani, ngazi tupu. Goti la Bibi je?

Bibi Zuhura: Goti langu halijakutuma ulisemee. Chumba kiwe cha chini, basi.

Salma: 🙈 Samahani Bibi. Basi tutafute kando ya mto, barabara ya Wharfage. Mto huo, Severn, hufurika majira ya baridi, lakini Julai hakuna neno.

Mama Salma: Siku nzima iwe ya Blists Hill. Ni makumbusho yaliyojengwa kama mji wa enzi ya Malkia Victoria, wafanyakazi wamevaa kizamani, duka la mishumaa, la dawa, na benki unabadilisha hela upate peni na shilingi za kale.

Bibi Zuhura: Shilingi 20 pauni moja? Kama yetu ya mkoloni.

Mama Salma: Hiyo hiyo mama. Ila chipsi zao msiguse, zinakaangwa kwa mafuta ya ng'ombe na sijui kachinjwa vipi. Nitafunga sambusa.

Ami Kassim: Na Coalbrookdale, hapo jirani, msiache. Tanuri la Abraham Darby, yule mwenye kiwanda cha chuma, lipo pale pale, ndimo alimoyeyushia chuma 1709 kwa makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza, badala ya mkaa wa miti. Daraja kalijenga mjukuu wake.

Baba Salma: Kassim, siku ni mbili tu.

Ami Kassim: Basi makumbusho ya vigae ya Jackfield tuyaache. Tanuri hapana.

Bibi Zuhura: Mimi nataka vikombe.

Salma: Coalport hiyo Bibi! Kiwanda cha zamani cha vyombo vya kaure, sasa makumbusho. Unaingia ndani ya tanuri lenye umbo la chupa, matofali mpaka juu.

Baba Salma: Darajani wanatoza?

Ami Kassim: Bure tangu 1950. Bango la ushuru bado lipo, limeandikwa hata familia ya kifalme ilipe 😄

Baba Salma: Sawa. Jumamosi daraja na Blists Hill, Jumapili tanuri halafu vikombe. Salma, piga simu uulize chumba cha chini kabla hatujalipa. Kassim, nusu ya petroli yako.

Ami Kassim: Mimi nakuja na treni.

Bibi Zuhura: Kassim!

Ami Kassim: Nimetuma mama, nimetuma.