Nimeacha nyama, samaki, mayai na maziwa, sasa miguu inakufa ganzi. Naombeni ushauri

MamaNeema: Habari za jioni wakuu. Nina miaka 34, niko Mwanza. Huu ni mwaka wa nne sijala nyama, samaki, yai wala maziwa. Sisi ni Wasabato. Nilianza kwa kuacha nyama, baadaye nikaacha vyote, na mwili ulipokea vizuri. Nyumbani sato na dagaa napika kama kawaida kwa ajili ya baba watoto, chumvi anaonja binti yangu.

Tangu Februari nyayo zinawaka moto usiku na vidole vinakufa ganzi. Juzi natoka sokoni, kandambili ya kushoto ikanivuka nikaendelea kutembea, mpaka mtu nyuma akaniita, "Mama, kiatu!" Ulimi nao umekuwa mwekundu, laini, pilipili kidogo tu machozi yananitoka. Duka la dawa walinifunua kope wakasema damu imepungua, wakanipa FEFO. Nimemeza miezi miwili. Uchovu umepungua ila ganzi imezidi. Mama mkwe anasema nile maini yaishe. Sitaki kuvunja nilichoamua, lakini naogopa.

Mzalendo_wa_Ziwa: Pole sana dada. Ongeza protini, hapo ndipo mnapokosea wengi.

MamaNeema: Asante kaka. Makande napika mara tatu kwa wiki, karanga na choroko hazikosekani.

Mzalendo_wa_Ziwa: Basi protini unayo, mahindi na maharage yanakamilishana. Jaribu uyoga na togwa.

Nesi_Mstaafu: Mwanangu, acha kwanza mambo ya togwa. Ganzi, nyayo kuwaka na ulimi kuwa laini ni dalili za kukosa vitamini B12. Inatengenezwa na bakteria. Ng'ombe anaipata kwa bakteria wa tumboni mwake, sisi tunaipata kwake. Mchicha, uyoga na togwa havikupi ya kutegemea. Ini lako huweka akiba ya miaka kadhaa, ndiyo maana ulikaa salama muda wote huo ukadhani umefaulu.

Kinachonitia wasiwasi ni hizo FEFO. Ndani yake kuna madini ya chuma na foliki asidi. Foliki inaweza kuinua damu ya mtu mwenye upungufu wa B12, akajisikia nafuu, huku mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika. Ndicho unachokieleza hapa. Mishipa ikikaa sana bila tiba, mingine hairudi. Usisubiri mwisho wa mwezi. Kesho nenda hospitali, omba picha kamili ya damu na kipimo cha B12, na kabla ya kupima usianze kumeza B12 yoyote, itavuruga majibu. Mweleze daktari unachokula na usichokula. Kama unatumia metformini ya kisukari mwambie pia, nayo hushusha B12.

Binti_Usambaa: Mimi nina miaka sita bila kitu cha mnyama. Nameza B12 maikrogramu 10 kila siku, sijawahi kuruka. Mtu mzima anahitaji kama 2.4 tu kwa siku, lakini ya kidonge hainyonywi yote. Mama mkwe mwambie unaheshimu ushauri wake, ila dawa ya hili ipo bila maini. Na chai ya rangi usinywe na chakula, inazuia chuma cha maharage. Kaa saa moja ndipo unywe. Kamulia limao kwenye mboga.

Nesi_Mstaafu: Kweli kabisa. Ila kidonge hicho ni cha kinga, wewe umeshaumwa. Na kama unanyonyesha au unatarajia mimba, sema mapema. Mtoto anategemea B12 ya mama.

MamaNeema: Mama nesi, shikamoo. Nina mtoto wa miezi saba, ananyonya. Sikuwaza hilo kabisa.

Nesi_Mstaafu: Marahaba. Basi nenda naye, naye aangaliwe. Anakaa mwenyewe? Anacheka na watu?

MamaNeema: Anacheka sana, ila kukaa bado anaanguka.

(Siku tano baadaye)

MamaNeema: Nimerudi. B12 iko chini sana. Nimechomwa sindano ya kwanza jana, nitaendelea kila baada ya siku moja kwa sasa. Mtoto wamemtoa damu, majibu Jumatatu. Daktari hakuniambia nile nyama. Binti_Usambaa, hivyo vidonge unavinunua wapi?