Tupeane uzoefu: ulipataje fildi au kazi ya utafiti kwenye mazingira, jiolojia na bahari hapa Dar?

MwanaPugu

Wakuu, heshima kwenu.

Msimu wa fildi (mafunzo kwa vitendo ya wanachuo) umekaribia na wadogo zetu wameshaanza kuzunguka na barua za utambulisho. Kila mwaka naulizwa maswali yale yale, nikaona tukusanye visa vyetu pamoja ili mtu akiuliza tumwelekeze hapa. Wengi wanashauriwa wapeleke barua NEMC (baraza la mazingira), TPDC (shirika la mafuta na gesi) na Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha wasubiri. Pelekeni, ni taasisi zenu. Ila zinapokea barua za nchi nzima, na tangu Serikali ihamie Dodoma, anayezunguka Posta kutafuta wizara anapoteza nauli. Wa jiolojia nao wajue kwamba GST, taasisi ya jiolojia ya taifa, makao yake ni Dodoma. Kwa hiyo aliyebaki Dar ajiulize: hapa mjini ni kazi gani ya ardhi, maji na bahari inayofanyika kila siku, na anayeifanya ni nani?

Naomba visa, kanuni tunazo za kutosha. Ulimfuata nani, ulikwenda na nini mkononi, ulilipwa au ulijitolea, na ulichofanya hasa ni kipi.

Nianze mimi. Nilisoma jiolojia Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) na kama wenzangu nilitaka mgodini: Geita, Bulyanhulu, North Mara. Sikupata. Nikaanza kuangalia ni nani Dar hii anakula kwa jiolojia, nikawaona wachimba visima. Tangu ukame wa 1997 jiji hili limetobolewa visima karibu kila mtaa, na kabla ya kila kisima cha maana kuna mtu anapima ardhi kwanza.

Nikaenda kwenye kampuni ndogo, mwenyewe ni mzee wa makamo. Nilimwamkia, nikamwambia najua kuchora na kusoma grafu za upimaji wa umeme ardhini, naomba nitembee na vijana wake. Hakuuliza barua. Aliuliza kama nina buti.

Kwa asiyeijua kazi hiyo: unapigilia fimbo nne za chuma ardhini kwa mstari. Mbili za nje zinapitisha umeme, mbili za ndani zinapima volti. Kadiri unavyotanua zile za nje ndivyo umeme unavyozama chini zaidi, na namba zinakuambia matabaka yamepangana vipi. Shida ya pwani yetu ni kwamba mfinyanzi na mchanga wenye maji ya chumvi vyote vinapitisha umeme kirahisi, hivyo kwenye grafu vinafanana. Mteja anaweza kulipia kisima akapata maji yasiyonyweka. Dawa yake ni kwenda kwa majirani wenye visima, kuuliza urefu, kuonja, kupima chumvi kwa kile kifaa kidogo cha mkononi.

Majibu hayo ya majirani yalikuwa yanatupwa. Mimi nikayaweka kwenye daftari: mahali, urefu wa kisima, udongo uliotoka mita kwa mita, chumvi. Mbezi Beach, Mbagala, Kigamboni. Ikafika wakati mafundi wananiuliza kabla ya kwenda eneo. Daftari hilo ndilo lililozaa tasnifu yangu, na ndilo lililomfanya mhadhiri mmoja aliyekuwa anachunguza maji ya bahari yanavyoingia visimani anichukue kama msaidizi wa utafiti. Malipo kule kisimani yalikuwa nauli na chakula cha mchana. Malipo ya utafiti yalikuwa ya kweli.

Karibuni.

Bamvua

Asante kwa kuanzisha, mkuu. Langu linahusu watafiti kutoka nje, maana vijana wengi wanawaandikia wazungu barua pepe na hawajibiwi.

Mtafiti wa kigeni hafanyi utafiti nchini bila kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, wale wa pale Sayansi, Kijitonyama. Na kibali kinamtaka awe na mshirika Mtanzania, mara nyingi mhadhiri au mtafiti wa taasisi ya hapa. Huyo mshirika ndiye anayetafuta vijana wa kubeba kazi, naye yuko hapa hapa. Mfuate huyo.

Mimi nilimfuata mhadhiri aliyekuwa na timu ya Ulaya kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Walikuwa wanapima kaboni iliyofukiwa kwenye matope, kwa sababu sehemu kubwa ya kaboni ya mikoko haipo kwenye mti, ipo chini. Unazamisha bomba la chuma kwenye tope, unalitoa na nguzo ya udongo, unaikata vipande, unaandika lebo, unafunga. Inaonekana kazi ya nguvu tu, lakini lebo ikikosewa sampuli yote haina thamani, na ukiwa umezama tope hadi magotini huku mbu wamekuvaa, kuandika lebo kwa usahihi kunataka moyo.

Kilichonipa nafasi ni kwamba mimi ni mtoto wa pwani. Najua bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo), najua saa ya kuingia kwenye kijito na saa ya kutoka kabla boti haijakaa juu ya tope. Ratiba ya siku niliipanga mimi na manahodha wa Nyamisati. Vijijini niliongea na wazee kabla ya yeyote kukata kitu. Timu ilikuwa na shahada nyingi, lakini hayo hawakuwa nayo. Vijana mnaotoka Mafia, Kilwa, Bagamoyo, msiyaache hayo nje ya CV kwa kudhani si elimu.

Jambo la pili, na hili naomba mlishike. Kabla ya safari tulikaa na mhadhiri tukaandika makubaliano: posho ya siku, matibabu nikiumia ni juu ya nani, na sehemu gani ya data nitaitumia kwenye tasnifu yangu. Alifurahi niliuliza. Wapo wenzetu waliokusanya data za watu miaka na hawana hata nakala.

DadaKunduchi

Hapo kwa Bamvua natia sahihi.

Mimi nilisoma sayansi za majini. Nilianza kwa kusoma makala za Tanzania Journal of Science na lile jarida la WIOMSA (chama cha wanasayansi wa bahari) la bahari ya Hindi ya magharibi, yote yanasomwa bure mtandaoni. Nikatafuta nani ameandika kuhusu samaki wa maji yetu na yuko karibu. Nikakuta mtafiti yuko TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, Kunduchi, daladala moja kutoka nyumbani. Nilimwandikia kuhusu makala yake, swali moja la kweli lililokuwa linanisumbua kuhusu jedwali la urefu wa samaki aina ya changu. Alijibu. Barua ya kuomba fildi ilifuata baadaye, tayari ananijua.

Kazi: kukutana na vyombo alfajiri, kupima urefu na uzito wa samaki kabla mnada haujaanza. Mvuvi amekesha, ana haraka, samaki akikaa anashuka bei. Ukimshika samaki wake bila kuomba, umeharibu kwa wote watakaokuja nyuma yako. Nilijifunza kusalimia kwanza, kusaidia kuvuta chombo, ndipo nitoe rula.

Wasichana: jifunzeni kuogelea, na mkipata upenyo, kupiga mbizi. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari tangu 1975, ziko mbele ya jiji letu, na wanaoweza kushuka chini kuhesabu matumbawe ni wachache mno. Matumbawe yalipauka vibaya 1998, yakapauka tena 2016 na 2024, kwa hiyo haja ya kuyafuatilia haitaisha. Mimi niliitwa kwenye upimaji wa miamba kwa sababu hiyo moja, wapo walionizidi alama. Na ukishakuwa na wazo lako mwenyewe, WIOMSA hutoa ruzuku ndogo za utafiti zinazoitwa MARG. Usione ni za wakubwa tu.

Mtaro_wa_Tandale

Nilisoma Chuo Kikuu cha Ardhi, mipango miji, nikahamia kwenye ramani. Mradi wa Ramani Huria ulipoanza 2015 walihitaji wanafunzi wa Ardhi na Mlimani kuchora mitaa inayofurika. Tulitembea na watu wa serikali za mitaa, tunapima upana na kina cha mitaro, tunauliza wakazi maji ya mafuriko yalifika wapi ukutani. Kila kitu kikawekwa OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni iliyo wazi kwa yeyote. Tulilipwa posho, na ilihesabiwa kama fildi.

Ninachotaka kusema kwa wa leo: mradi kama huo usipokuwepo, data bado ipo. Picha za setilaiti za Landsat ni bure tangu 2008. Setilaiti ya Sentinel-2 inaona hadi mita 10 na picha zake ni bure. QGIS, programu ya kuchora ramani, ni bure. Bando la usiku linatosha kupakua. Chora kitu cha mtaa wako. Mdogo wangu mmoja alichora mabadiliko ya kingo za Mto Msimbazi kati ya Kigogo na Jangwani kwa picha za miaka tofauti, ukurasa mmoja, akaambatanisha kwenye maombi. Aliitwa. Bonde lile lina mradi mkubwa sasa, na anayeonyesha kwamba analijua anasikilizwa.

Mama_Tathmini

Mimi ni upande wa pili wa meza: kampuni ya wataalamu wa tathmini ya athari kwa mazingira. Nazisoma barua zenu zote.

Wapendwa wanangu, kampuni nyingi za kazi hii ni watu wachache na printa. Barua inayoanza "Kwa Meneja Rasilimali Watu" inaniambia hujui unaandikia nani. Wataalamu waliosajiliwa na NEMC wanajulikana, tafuta jina, angalia wamewahi kufanya mradi gani, taja huo mradi. Niambie unaweza kuanza lini na unakaa wapi, maana wa Chanika na site ya Bunju si jambo dogo.

Wengi wanadhani kazi ni vifaa. Kupima kelele na vumbi nitakufundisha siku moja. Ninachokosa ni mtu wa kukaa kwenye mkutano wa wadau, akasikiliza mama lishe anayehofia kuondolewa, akaandika alichosema yule mama kama alivyosema, halafu jioni akanipa muhtasari uliokamilika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na sahihi za waliohudhuria. Ukiweza hilo sikuachii.

Na nauli na chakula natoa kila mara. Kijana akitumwa Kigamboni kwa pesa yake, kazi atakayoleta itakuwa ya haraka haraka. Waajiri wenzangu mnaosoma hapa, tuache mtindo huo.

Nyundo

Dada wa jiolojia hapa. Fupi: kabla ya kwenda kambi ya utafutaji madini, uliza kwa maandishi utalala wapi, choo kikoje, nani mwanamke mwingine yupo, na namba ya kupiga mambo yakiharibika. Kampuni moja niliyokwenda nilikuta hema moja la wote. Niligeuza na gari lililonileta. Mwaka uliofuata nilipata kwingine, kambi safi, nikajifunza kuandika kumbukumbu za sampuli za kuchorongwa hadi leo naishi kwa kazi hiyo. Kugeuza hakukunimaliza.

Injinia_wa_Survey

Kwa wa uhandisi wa mazingira: ninyi mna mlango ambao wa sayansi hawana. Jisajilini ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, kama wahandisi wahitimu, kisha ombeni SEAP, mafunzo ya miaka 3 chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Kwa waliohitimu fani nyingine, fuatilieni utarajali wa TaESA, wakala wa huduma za ajira.

Mwaka_wa_Tatu

Shikamooni wakubwa zangu. Nimesoma yote. Mimi ni wa sayansi ya mazingira, sina mtu kwenye ofisi yoyote, na bumu (pesa ya mkopo) la fildi bado halijaingia. Nakaa Gongo la Mboto. Nianzie wapi?

Mama_Tathmini

Marahaba mwanangu. Hapo ulipo una dampo la Pugu Kinyamwezi karibu. Takataka za jiji zima zinaishia hapo. Andika kurasa mbili: maji yanayochuruzika yanaelekea wapi mvua ikinyesha, visima vilivyo karibu ni vingapi, wakazi wanasemaje. Ongea na serikali ya mtaa kwanza ili ujulikane. Usiingie ndani bila ruhusa. Kisha nitumie ujumbe wa faragha.

MwanaPugu

Kwenye visima hivyo, dogo, niulize mimi. Kifaa cha kupimia chumvi ninacho, nitakuazima. Kwa sheria ya rasilimali za maji ya 2009 visima viko chini ya bodi za mabonde, na Dar ni Wami/Ruvu, kwa hiyo wapelekee nao nakala ukimaliza, ofisi kuu iko Morogoro. Ukionja maji usiyameze, karibu na dampo.

Mwaka_wa_Tatu

Asanteni sana. Nakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa Jumatatu asubuhi.

MwanaPugu

Vizuri. Tuletee majibu hapa hapa. Watu wa gesi, mliopita Songo Songo na Mnazi Bay, hamjasema kitu, na wa hali ya hewa pia, hasa mliokuwa zamu wakati wa kimbunga Hidaya Mei 2024. Tunawasubiri.